Vyeo vya Mombasa, Viti vya Nairobi

Kila mwaka wa fedha unapofungwa, kampuni za ukaguzi wa hesabu na ushauri wa biashara hutoa orodha ya waliopandishwa vyeo. Keki hukatwa, picha hupigwa, majina huzunguka LinkedIn na kwenye makundi ya WhatsApp ya familia, na mama wa Kisauni humpigia dadake wa Malindi kumwambia kwamba mwanetu sasa ni meneja. Ni furaha halali. Anayejua mitihani ya KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu nchini Kenya, inavyomkamua mtu, na msimu wa ukaguzi unavyomla wikendi zake, hawezi kuibeza. Halafu, ndani ya mwaka huohuo, huja mikusanyiko ya waliowahi kufanya kazi pale: chakula cha jioni katika hoteli ya Nyali au Bamburi mwezi wa Disemba, na futari ukifika Ramadhani.

Shughuli hizi mbili hutazamwa mbalimbali, moja ikiwa ya kazi na nyingine ya tafrija. Mimi nazisoma pamoja, maana zikisomwa pamoja zinaeleza ofisi ya namna hii inaufaa nini mji wa Mombasa. Kwa hapa kwetu, orodha ya vyeo kwa kiasi kikubwa ni orodha ya watakaohama. Mkusanyiko wa waliotoka ndio unaowaleta pamoja watu ambao ujuzi wao umebaki mjini. Tunaipa orodha heshima yote, na mkusanyiko tunauachia wenyewe wale na kunywa. Nadhani tumekosea kipimo, na kosa hilo linawagharimu vijana wa Pwani nafasi ambazo zingekuwa zao.

Kwanza tuelewe ngazi yenyewe inavyofanya kazi. Chini wako vijana waliotoka chuoni, juu yao waandamizi, kisha mameneja na wakurugenzi, na kileleni wabia, ambao ndio wenye kampuni. Mteja hulipia saa. Saa ya mbia ni ghali mno, kwa hivyo sehemu kubwa ya kazi hufanywa na vijana, naye mbia huiongoza, huisahihisha na kuitia sahihi. Pato lake linatokana na tofauti kati ya anacholipa mteja kwa saa za vijana wale na mshahara wanaopokea. Akiwa na vijana wengi wanaofanya kazi nzuri, hufaulu. Akiwa na mameneja wengi na vijana wachache, mishahara humaliza faida.

Sasa tupige hesabu kwa mfano. Tuseme ofisi ina watu 40: wabia 2, mameneja 6, waandamizi 12 na vijana 20. Kijana mzuri anaweza kutimiza sifa za umeneja kwa miaka mitano au sita. Wale 20 wakipandishwa wote, ofisi itakuwa na mameneja 26. Ili mameneja 26 wapate watu wa kuwaongoza kwa uwiano uleule, watahitajika waandamizi 52 na vijana wasiopungua 87, na ukiongeza wabia, ofisi yote itapita watu 170. Hakuna ofisi ya Mombasa itakayokua mara nne kwa miaka sita. Kwa hivyo wengi lazima watoke, hata wangekuwa hodari namna gani. Huko Marekani kampuni ya McKinsey, iliyoanzishwa Chicago mwaka 1926 na James O. McKinsey, aliyekuwa profesa wa uhasibu, iliufanya utaratibu huu kuwa kanuni ya wazi: mtu apande au aondoke. Kampuni kubwa nne za ukaguzi, Deloitte, PwC, EY na KPMG, hazitangazi kanuni kwa ukali huo, lakini umbo la ngazi ni moja na matokeo ni yaleyale.

Endeleza hesabu kidogo. Wakitoka watu sita kila mwaka katika ofisi yetu ya mfano, baada ya miaka kumi watakuwa 60. Waliotoka watawazidi waliomo. Ndiyo maana ninasema ofisi kubwa zaidi ni ile iliyo nje, na kila kijana anayeingia anapaswa kuambiwa hivyo siku ya kwanza, kwa uwazi na bila kutishwa. Nimewaona vijana waliotoka baada ya miaka minne wakakwepa kukutana na wenzao kwa aibu, kana kwamba wamefukuzwa, ilhali walikuwa wamefuata njia ambayo ngazi yenyewe iliwapangia tangu mwanzo.

Hayo ni ya kampuni hizi popote duniani. Mombasa ina la ziada, nalo ndilo linaloniuma. Hapa kupanda kuna mwelekeo wa kijiografia. Kuanzia umeneja kwenda juu, njia inaelekea Nairobi. Makao makuu ya mabenki, ya kampuni za simu na za bima yako huko. Wataalamu wa kodi, wa uchunguzi wa ulaghai na wa mikakati wanakaa huko. Mbia anayeamua nani apande anakaa huko, naye humpandisha anayemwona kila siku. Kijana wa Mombasa akiambiwa “tunakupandisha”, swali la pili, ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, ni lini atahama. Akikataa kwa sababu mama ni mgonjwa, au mke ana kazi yake hapa, hapewi barua ya kumfukuza. Husahaulika tu. Mwaka unapita, orodha inatoka, jina lake halimo, na mwaka wa tatu anaanza kutafuta kazi kwingine.

Reli nayo imeongeza jambo. Treni ya Madaraka Express ilipoanza safari zake mwaka 2017, umbali wa kilomita takriban 480 uligeuka kuwa mwendo wa saa tano hivi. Timu ya wakaguzi hupanda asubuhi Nairobi, hushuka Miritini mchana, hukaa wiki mbili hotelini, humaliza kazi na kurudi. Anayeangalia gharama ataona ni nafuu kuliko kuweka meneja mkazi. Wakati uleule shehena zilianza kupelekwa kwa reli moja kwa moja hadi bohari ya nchi kavu ya Embakasi, Nairobi, na biashara zilizoishi kwa makontena yaliyofunguliwa hapa zikadhoofika. Watu waliandamana barabarani mwaka 2019 kwa ajili hiyo. Mwezi Septemba 2022, Rais William Ruto siku ya kuapishwa kwake aliagiza shughuli za kutoa mizigo zirudishwe Mombasa. Katika mjadala wote ule tuliwasikia madereva, mawakala wa forodha na wenye magari ya mizigo, na ilikuwa haki yao kusikika. Ambao hawakusikika ni wahasibu. Bohari ikifungwa, hesabu zake hazikaguliwi tena, na kazi ya kijana aliyekuwa akizikagua inayeyuka bila bango wala filimbi.

Chai itaonyesha kinachopotea mtu anapohamishwa. Mnada wa chai wa Mombasa huuza chai ya Kenya pamoja na ya majirani kama Uganda, Rwanda na Tanzania, na chai yenyewe hulala katika magodauni ya Shimanzi na Changamwe ikisubiri mnunuzi na meli. Mwisho wa mwaka wa hesabu, mkaguzi huhudhuria mali inapohesabiwa. Niliwahi kusimama kando ya binti mmoja wa Mikindani akiifanya kazi hiyo. Joto la mabati limeshuka mabegani, vumbi la chai limefika kooni, naye ana karatasi zake juu ya kibao. Alichagua mafungu kadhaa sakafuni akayatafuta kwenye karatasi. Kisha akageuza: akachagua mafungu kwenye karatasi akayatafuta sakafuni. Njia ya kwanza hufichua mali iliyopo lakini haikuandikwa, ya pili hufichua mali iliyoandikwa lakini haipo. Mpaka hapo ilikuwa kazi ya darasani. Ndipo akasimama mbele ya paleti moja, akapangusa kwa kidole alama ya kiwanda kwenye gunia la karatasi, akamwuliza karani, “Mzee, hizi zimerudi mnadani mara ngapi?”

Karani alimtazama upya. “Wewe ni mtoto wa nani, mwanangu?”

Swali la binti lilikuwa zito. Chai isiyopata mnunuzi katika wiki yake hurudishwa kwenye mauzo ya baadaye, na kila inapokaa hupoteza ubora na bei. Kanuni za uhasibu zinataka mali iandikwe kwa gharama yake au kwa bei itakayouzika baada ya kutoa gharama za kuuza, ile iliyo ndogo. Fungu lililokosa mnunuzi mara kadhaa haliwezi kubaki vitabuni kwa bei ya zamani, maana faida ya mwaka itakuwa imetiwa maji. Binti yule alilijua jambo la mafungu yanayorudi kabla hajakanyaga chuo, kwa kuwa babake alikuwa mchukuzi wa magunia mtaa uleule. Vitabu vya KASNEB vilimpa kanuni, lakini paleti ya kuitumia aliijua kutoka nyumbani.

Mwaka uliofuata alipandishwa cheo na kuhamishwa. Leo anakagua hesabu za bima Nairobi, anaifanya vizuri, na mshahara wake ni mara mbili ya ule wa hapa. Namfurahia kwa dhati. Lakini waliokuja godauni lile baada yake walikuwa vijana wapya walioshuka na treni, na karani yuleyule ndiye aliyewaeleza chai ni kitu gani. Mkaguzi anayefundishwa mali na mtu anayemkagua yuko mahali pabaya. Atauliza yale tu ambayo mwenzake anapenda aulizwe.

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Ngazi hii humtunza anayekwenda kucheza kwingine.

Najua jibu la wenye kampuni, na halikosi uzito. Watasema Nairobi inampa mtu kazi pana: anaona benki, anaona kiwanda, anaona kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa, na hatimaye anakuwa mtaalamu kamili. Watasema vijana wenyewe wanataka kuhama, na wengi kweli wanataka. Yote hayo nayakubali. Ninachokataa ni dhana kwamba Mombasa ni shule ya chekechea ya taaluma, mahali pa kuanzia tu. Bandari haiko Nairobi, iko hapa. Mnada wa chai uko hapa. Meli, mawakala wake, bima ya shehena, hoteli za ufuoni kutoka Diani hadi Watamu, viwanda vya nguo vinavyouza nje, yote haya yanataka mtaalamu anayeishi nayo. Inaingia akilini kwamba mkuu wa mambo ya benki akae Nairobi. Haiingii akilini kwamba mkuu wa mambo ya uchukuzi wa baharini akae kilomita 480 kutoka baharini. Huyo ndiye angekuwa Mombasa, na wenzake wa Nairobi wanaomhitaji ndio wangepanda treni kumfuata.

Tuje sasa kwa waliotoka.

Chakula cha Disemba nitakipita haraka, kwa sababu kinafanana kila mahali: hotuba ya mbia, zawadi kwa waliotumikia muda mrefu, muziki, watu kuondoka mapema kwa sababu ya foleni ya daraja la Nyali. Futari ndiyo inayofaa kuangaliwa. Watu huanza kufika kabla ya jua kuzama, wakiwemo wasio Waislamu, ambao wengi wao hufunga mdomo mchana ule kwa heshima ya wenzao. Adhana ikilia, tende na uji. Baada ya swala ya Magharibi sinia zinafunguliwa: kaimati, sambusa, viazi karai, mihogo ya nazi, mkate wa sinia. Kwa vile hakuna jukwaa wala hotuba ndefu, watu huzungumza. Mhasibu mkuu wa hoteli moja ya Diani anamwambia mwenzake wa zamani kwamba msaidizi wake ameacha kazi. Yule wa kampuni ya meli anauliza nani anaujua vizuri mfumo mpya wa kodi. Mzee aliyestaafu kutoka bandarini anaeleza kwa nini faini za kuchelewesha makontena huandikwa kimakosa katika vitabu vya nusu ya waagizaji mjini. Kabla ya adhana ya Isha, nafasi ya Diani imeshapata jina.

Hilo ni soko la ajira, tena soko linalofanya kazi vizuri sana. Anayependekeza anamjua anayependekezwa, alikaa naye godauni hadi usiku wa manane, anajua kama huyu ni mtu wa kuhesabu au ni mtu wa kunakili hesabu za mwaka jana. Hakuna tangazo la gazetini litakalokupa habari ya namna hiyo. Ni darasa pia, maana mambo ya faini za makontena aliyoyaeleza yule mzee hayako katika mtaala wowote. Na kwa kampuni yenyewe ni biashara, jambo ambalo halina aibu: aliyetoka leo ndiye mteja wa kesho. Kwa kiwango cha taifa tunamwona Peter Ndegwa, aliyeanza kuiongoza Safaricom mwezi Aprili 2020, ambaye aliwahi kufanya kazi PwC kwa miaka mingi. Ulimwenguni yuko Sundar Pichai wa Google, aliyepitia McKinsey. Kwa kiwango chetu ni meneja wa fedha wa dalali wa chai, mhasibu wa biashara ya familia pale Barabara ya Digo ambayo imepita vizazi vitatu, afisa wa hazina katika kaunti. Hawa hawapigwi picha, na ndio walioishika hesabu ya mji.

Kasoro ya futari ile ni mlango wake. Soko la ajira likiwa zuri namna hiyo lakini limefungwa, linageuka kuwa urithi. Anayeingia ni aliyepata nafasi ya kwanza katika ofisi ile, na nafasi ya kwanza hupatikana kwa atachimenti, yaani mafunzo ya kazini ya mwanafunzi, na atachimenti, tuseme ukweli, mara nyingi hupatikana kwa mjomba. Mwanafunzi wa uhasibu wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor, au wa Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, huchapisha barua thelathini na kuzigawa kwa miguu kutoka Barabara ya Nkrumah hadi Barabara ya Moi. Mlinzi anazipokea. Baada ya hapo kimya. Mwenzake aliyesoma shule ya ada kubwa anampigia simu mtu aliyekuwa kwenye meza ile ya futari. Atachimenti nyingi hazina malipo, kwa hivyo hata akipata, yule wa Likoni anahitaji nauli ya miezi mitatu na chakula cha mchana, huku nyumbani wakimtarajia alete, asichukue. Wengi wa vijana hodari niliowaona wakipotea, walipotelea hapo, kabla ya mtihani wowote wa taaluma kuwafikia.

Kuna jambo jingine katika meza ile ambalo sitaki kulifumbia macho. Anayekagua na anayekaguliwa wanakula sinia moja. Katika mji wenye watu waliosoma pamoja Shimo la Tewa, Allidina Visram au Star of the Sea, wanaozikana na kuozana, hilo haliepukiki, wala sitaki liepukwe kwa watu kutupana. Lakini ukaguzi una thamani pale tu mkaguzi anapoweza kumwambia mtu anayempenda kwamba hesabu zake si sahihi. Maadili ya kimataifa ya wahasibu, ambayo ICPAK, taasisi ya wahasibu wa Kenya, inayafuata, yanaweka mipaka: mbia anayeongoza ukaguzi wa kampuni yenye maslahi ya umma humwachia mwingine baada ya miaka saba, na akitaka kuajiriwa na mteja huyo katika nafasi kubwa ya fedha, kipindi cha hesabu kisichopungua miezi kumi na miwili lazima kipite bila ya yeye kuwemo katika timu. Mipaka hiyo iliwekwa kwa ajili ya wabia na kampuni kubwa. Biashara nyingi za Mombasa ni za familia, na wanaohama kutoka kwa mkaguzi kwenda kwa mteja ni waandamizi na mameneja. Mipaka hiyo inapita juu ya vichwa vyao. Kinachobaki kwa sehemu kubwa ni dhamira ya mtu na macho ya wenzake.

Na dhamira inaweza kwenda pande zote mbili. Kampuni ya nishati ya Marekani, Enron, ilipoporomoka mwaka 2001 kwa ulaghai wa hesabu, ikamvuta mkaguzi wake Arthur Andersen kaburini mwaka uliofuata, ilidhihirika kwamba ndani ya Enron walikuwamo watu wengi waliotoka kwa mkaguzi huyohuyo. Mhasibu wake mkuu, Richard Causey, alikuwa mmoja wao, na baadaye alikiri kosa la ulaghai mbele ya mahakama. Lakini Sherron Watkins, aliyemwandikia mwenyekiti Kenneth Lay mwezi Agosti 2001 kumwonya kwamba hesabu zingewalipukia, naye alitoka Arthur Andersen. Wote wawili walipitia ofisi zenye jina lile. Mimi huona funzo la Mombasa liko kwa Watkins zaidi kuliko kwa Causey: mafunzo yaleyale yanayomwezesha mtu kuficha ndiyo yanayomwezesha mwingine kuona, na mtu wa kuona anahitaji wenzake nje ya kampuni wa kumuunga mkono siku atakaposema. Mkusanyiko wa waliotoka ungeweza kuwa mahali hapo. Mhasibu wa hoteli anayelazimishwa na mwenye mali kuficha mapato ya vyumba, akiwa peke yake, atatia sahihi kwa sababu ana ada za watoto. Akijua kuna wenzake ishirini watakaomtafutia kazi nyingine ndani ya mwezi, anaweza kukataa.

Nimewahi kumsikia mtu akisema haya yote ni mambo ya watu wachache wenye suti. Hapana. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, kila kaunti lazima iwe na mpango wa maendeleo wa miaka mitano, na juu yake kuna mipango mikuu, upembuzi yakinifu, tathmini za athari. Mombasa imeandikiwa mingi, ukiwamo ule wa Mombasa Gate City uliofanywa kwa msaada wa JICA, shirika la misaada la Japani. Barabara inapita wapi, soko linahamishwa lini, eneo la viwanda la Dongo Kundu linamwajiri nani, mambo hayo huanzia katika ripoti za washauri kabla ya kumfikia diwani. Mshauri akitoka mbali hufika na jedwali lake na kuhoji watu hotelini. Mshauri aliyekulia Changamwe anajua kwamba lori likikwama Kibarani, bei ya nyanya Kongowea inapanda, na ataliuliza hilo bila ya kuambiwa. Mpango ulioandikwa na mtu wa namna hiyo bado unaweza kuwa mbaya, lakini angalau hautashangazwa na mji wenyewe.

Kwa hivyo ninayoyataka kwa ofisi hizi ni machache, na hakuna hata moja lisilowezekana ndani ya mwaka mmoja wa fedha. Orodha ya vyeo ijayo ioneshe kwa kila jina kituo atakachokalia mtu kuanzia siku ya cheo chake. Tukiona majina kumi ya Mombasa na manane yamehamishwa, tutajua tunachokishangilia. Kazi za bandari, chai na utalii ziwe na wakuu wakazi wa Mombasa, wenye mamlaka ya kutia sahihi, na kukaa hapa kusihesabiwe kuwa udhaifu wakati wa kumpima mtu kwa ubia. Atachimenti zitangazwe wazi katika vyuo vya Pwani, wapewe nauli. Kiasi kinacholipia muziki wa Disemba kingewabeba wanafunzi kadhaa kwa miezi mitatu. Na wale waliotoka, ambao hawasubiri ruhusa ya mtu, waache viti katika meza yao ya futari kwa vijana ambao hawajaajiriwa popote, wakae kati ya wahasibu wakuu na kusikiliza habari za makontena.

ICPAK nayo ina nafasi yake. Semina yake ya kila mwaka imekuwa ikiwaleta Mombasa wahasibu wa nchi nzima kwa miaka mingi, kwa kawaida mwezi wa Mei. Hoteli hujaa, tuktuk hupata abiria, na siku za semina zikiisha ndege na treni huwarudisha wote. Siku moja kati ya zile ingetengwa, kwa taratibu za taasisi yenyewe, kwa wanafunzi wa Tudor na Kilifi kuingia bila malipo wakiwa na barua zao mkononi, na kila ofisi yenye tawi Mombasa ikatuma meneja mmoja mkazi wa kuzipokea na kuzijibu palepale.